Wananitaka nishike nyumba

Semende, Sumatra Kusini, Indonesia
Julai 2025

Mama Rehema, ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Hujambo, mzee hajambo, watoto hawajambo? Goti la shangazi wa Kanyigo limetulia? Sisi wazima, alhamdulillah. Aisha kanipita bega. Kimya kimekuwa kirefu, na simu huku inakatika kila wingu likishuka mlimani. Hili nataka ulisome taratibu ukiwa peke yako, kisha uiweke barua mbali na kaka yangu mkubwa.

Mama mkwe amezeeka. Miguu haimpeleki tena shambani. Wazee wa ukoo wanataka mimi na Baba Aisha tuhame Palembang moja kwa moja, tuje tushike nyumba ya urithi hapa kijijini. Siyo kuja kumuuguza tu. Tushike nyumba, majaruba ya mpunga, bwawa la samaki na ghala. Wananiambia hivyo mimi, binti wa Kamachumu, Kagera!

Ngoja nikueleze mila yao. Kwa Wasemende mali ya ukoo haiendi kwa mtoto wa kiume, inakaa kwa binti wa kwanza, wanamwita tunggu tubang. Akiolewa, mume ndiye anayehamia kwake. Ndugu zake wengine wanaondoka na mikono yao, wanafyeka pori na kupanda kahawa, na shamba analolifungua mtu kwa jasho lake ni lake, akitaka anauza. Ndiyo maana Wasemende wametapakaa hadi Bengkulu na Lampung, na walikofika wamepanda kahawa. Lakini nyumba na majaruba ya urithi hayauzwi wala hayagawanywi. Yeyote wa ukoo akirudi, awe amefilisika, awe ameachika, sahani yake ipo. Binti mwenye nyumba ndiye anayewatunza wazee, anayewasaidia wadogo zake, anayepokea misiba na harusi. Juu yake yupo meraje, yaani mjomba, ndugu wa kiume wa mama. Mjomba haishi pale wala hali mpunga ule. Kazi yake ni kuangalia kama mali inatunzwa, na ikifujwa anaitisha kikao.

Mama mkwe hakujaaliwa binti. Ana vijana watatu, na Baba Aisha ndiye mkubwa. Ikiwa hivyo nafasi inamwangukia mwana pamoja na mkewe, na baada yao binti yao. Kwa hiyo wanapotuita sisi, macho yao yako kwa Aisha.

Nililia, Mama Rehema. Mjomba alidhani nimekasirika, akaanza kuomba radhi. Angejuaje? Wewe ulikuwepo arobaini ya baba. Kaka zangu walipelekwa kuzungushwa mipaka ya kibanja, shamba letu la migomba, mti kwa mti, na wazee wakiwatajia nani alipanda nini. Sisi mabinti tuliachwa jikoni, na jioni kila mmoja akapewa mkungu wa ndizi wa kuondoka nao. Dada yetu aliyemuuguza baba mpaka mwisho naye alipewa mkungu uleule. Tukaambiwa mwanamke ni wa kuondoka, ardhi haiwezi kukaa kwa mtu anayeondoka.

Wewe uliyekaa baraza la kata unaijua Amri ya Sheria za Mila ya 1963 kuliko mimi: binti atakula kwenye ardhi ya ukoo lakini hatauza. Unaijua na kesi ya Bi Holaria Pastory, mwanamke wa kwetu Kagera, aliyeuza ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake kwa wosia, mpwa wake akaenda mahakamani kuipinga, mpaka Jaji Mwalusanya kule Mwanza mwaka 1990 akasema mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Tuliishangilia sana ile hukumu. Lakini tangu niitwe hapa inanizunguka kichwani kwa namna nyingine. Maana huku nako binti anakula na hauzi! Ukiandika sheria hizi mbili kwenye karatasi zinafanana kabisa. Kinachotofautiana ni nani anaweza kukuambia toka. Kwetu kaka akioa tu, dada anaanza kuhesabiwa siku. Hapa kaka akirudi anabisha hodi kwa dada yake, na hata mjomba hamgusi mpaka waone mali inaharibika.

Nisikufiche, naitaka hiyo nafasi. Naitaka kwa ajili ya baba, ajabu kusema hivyo, na kwa ajili ya dada yetu. Lakini naiogopa, kwa sababu anayeshika nyumba haondoki. Mama mkwe katika umri wake wote hajalala nje ya nyumba hii ila kwa msiba, ugonjwa na hija. Ule mpango wetu wa duka la kahawa pale Bukoba mjini, nikirudi na akiba yangu, nikikubali huku basi tena. Nitakuja kama mgeni, nikae wiki chache, nile senene kama ni msimu wake, niondoke.

Halafu kuna suala la karatasi. Serikali ina mpango wa kupima na kusajili ardhi nchi nzima, na wapimaji wameshafika vijiji vya jirani. Wanauliza swali moja: hati iandikwe jina la nani? Mama mkwe kakataa kutaja jina lake. Anasema yeye si mwenyewe, yeye ni mshikaji tu, na waliolima hayo majaruba kwa mara ya kwanza wako makaburini. Shemeji wa pili anataka hati itoke haraka ili achukue mkopo benki. Mjomba amekataa katakata, na mimi niko upande wa mjomba. Ardhi ya kulisha ukoo mzima ukiiweka rehani kwa deni la mtu mmoja, siku deni linapomshinda wanalala nje wote.

Jina langu haliwezi kuwekwa hata wakitaka. Sheria yao ya ardhi ya 1960 inampa raia peke yake umiliki kamili, na mgeni akirithi ana mwaka mmoja wa kuiachia. Hata shamba la kahawa atakalonunua Baba Aisha leo lina utata mpaka tuandikiane mkataba wa kutenganisha mali. Mahakama yao ya Katiba iliruhusu mwaka 2016 mkataba huo ufanyike hata baada ya ndoa, nao tunaushughulikia. Kuna wanaonishauri nichukue uraia wa hapa yaishe. Yaishe vipi? Nchi zote mbili hazikubali mtu mzima awe na uraia wa pande mbili. Nirudishe pasi yangu ya Tanzania, kisha nije kumzika mama yangu kwa viza?

Na Aisha hakuna aliyemuuliza. Akifika miaka 18 anatakiwa kuchagua uraia, mwisho kabisa miaka 21. Anapenda kuchora nyumba, anasema atakuwa mhandisi. Mjomba anasema asome tu, nyumba itamsubiri. Mabinti wa hapa wengine wanafanya hivyo siku hizi, wako mjini kazini na nyumba imeshikwa na ndugu kwa muda. Inawezekana. Ila nikisema ndiyo leo nakuwa nimemjibia yeye pia, na hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hati na pasi.

Tuache hapo kidogo nikupe habari za kahawa, najua unazingoja. Tuko katikati ya mavuno. Ni robusta kama yetu, na asili yake ni Afrika: kutu ya majani ilipomaliza arabika huku, Waholanzi walileta Java mwaka 1900 miche ya robusta iliyotoka Kongo. Wanakata shina la zamani na kuunga kikonyo cha mti unaozaa vizuri, na shamba la babu linaanza ujana. Nimejifunza kuunga, nitakufundisha. Wanachonikera ni kuchuma tawi zima kwa mkono mmoja, nyekundu, njano na kijani pamoja, ila siwalaumu sana, wezi nao wamezidi tangu bei ipande. Miaka michache nyuma kilo ilikuwa karibu rupia 20,000, mwaka jana ikapita 60,000. Watu wamenunua pikipiki, wamepaka nyumba rangi. Butura nayo ipo, wao hawana jina hilo: mchuuzi anatoa mchele na mbolea mapema, msimu ukifika anakuja na mizani yake, na bei anaisema yeye. Shemeji wa mwisho yuko Lampung, shamba lake limo ndani ya msitu wa hifadhi kwa kibali cha miaka 35. Kule miaka ya 90 watu walifukuzwa na kahawa yao ikang'olewa. Ndiyo maana kila Idi yuko hapa mlangoni kwa mama. Anasema kule ana miti, hapa ana kwao.

Juzi tulikuwa tumeanika kwenye turubai mbele ya nyumba, mvua ikaja ghafla. Mama mkwe na miguu yake hiyo alitoka na reki ya mbao akaanza kukusanya, mimi nakunja turubai, majirani wakaja mbio bila kuitwa. Tulipoingia jikoni tumelowa, akaangua kile kibomba cha mwanzi kinachoning'inia juu ya mafiga, wanamotunzia kitoweo cha akiba, hicho ndicho tubang chenyewe, akanipa mkononi, akaniambia niongeze chumvi mimi, yeye ulimi umechoka. Hakusema neno lingine. Jirani wote walinyamaza wakinitazama, na mimi nikatia chumvi.

Kwa hiyo unaona nilipofikia. Kikao ni mavuno yakiisha, mwezi wa tisa hivi. Baba Aisha ameniambia nitakalosema ndilo litakalokuwa, na ninamwamini.

Ninachokuomba ni kwenda Kamachumu kwa mama, wewe mwenyewe, siyo kwa simu. Mweleze kabla kaka mkubwa hajasikia kwa yule wa Dar, maana kaka atamwambia mama nimewauzia watu ukoo wangu. Mwambie sijakubali bado. Mwulize, na unisikilizie vizuri anavyojibu: angekuwa yeye angefanyaje? Akilia usimnyamazishe haraka.

Na wewe je, una maoni gani? Ungemfunga Rehema na nyumba angali mtoto? Dada yetu bado yupo kwenye kile chumba cha nyuma, au wameshamtoa? Nyufa za tetemeko la 2016 zilizibwa, au nyumba ya baba inaendelea kuinama? Hiyo hadhi maalumu ya diaspora tunayoisikia, imeanza kutolewa, na inamsaidia vipi mtu aliyeacha uraia, hasa upande wa ardhi? Kahawa ya maganda chama kinanunua shilingi ngapi msimu huu? Na yule binti wa Kemondo alishinda kesi yake ya kibanja?

Nijibu kabla ya mwezi wa tisa. Mtumie dada hela nilizoweka kwako, zote.

Wako,
Mama Aisha