Barua kwa mdogo wangu anayetaka kusomea malezi ya watoto

Mdogo wangu,

Uliposema mezani kwamba unataka kusomea malezi ya watoto wadogo, mjomba aliangua kicheko: "Kulea nako kunasomewa?" Nami niliyeifanya kazi hiyo miaka 11 nikainamia sahani yangu. Leo nalipa deni la ule ukimya, tena hadharani, maana wanaouliza kama mjomba ni wengi.

Nilipojiunga na chuo nilidhani nakwenda kuchukua cheti tu. Mimi kifungua mimba, wewe mwenyewe nimekubeba mgongoni, nifundishwe nini tena? Wiki ya kwanza ya mazoezi kituoni, mkufunzi alinipa daftari, akaniambia nimtazame mtoto mmoja kwa dakika 10 na kuandika. Nikaandika: "Mtoto huyu ni mkorofi, ana hasira." Akaipiga mstari kwa wino mwekundu. "Nilitaka ulichoona. Hii ni hukumu."

Nilinuna, sikufichi. Siku ya tatu nikaandika: "Saa 4:40. Mwenzake amechukua kigari. Amenyoosha mkono, hajasema kitu. Amemng'ata begani." Alikuwa hajatimiza miaka 2. Wiki ilipoisha nikazisoma kurasa zote kwa mkupuo: karibu kila mara aliuma muda mfupi kabla ya kula au kulala, na kila mara alikuwa amenyang'anywa kitu huku maneno ya kujitetea hana. Tukaanza kumpa kitafunwa mapema kidogo, nami nikawa nakaa jirani naye, namwazima neno: "Sema, changu." Hakuacha papo hapo. Ilichukua majuma kadhaa, na mabega mawili matatu zaidi.

Yapo pia mambo ambayo hata ungelea wadogo kumi usingeyabahatisha. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja akipaliwa na kitu, hashindiliwi tumboni kama mtu mzima. Unamlaza kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, unampiga mara 5 katikati ya mabega, kisha unamgeuza na kumkandamiza kifuani mara 5, unarudia. Hilo halifunzwi kwa kusoma. Mikono lazima ilizoee kwenye mwanasesere. Asali hapewi kabla ya kutimiza mwaka, kwa sababu ya vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaopoozesha misuli. Na hulazwa chali. Wengi wetu tulilazwa kifudifudi na watu waliotupenda, ila habari hii hawakuwa nayo: nchi kadhaa zilipoanza kuwahimiza wazazi kulaza watoto chali, miaka ya 1990, vifo vya ghafla vya usingizini vilishuka sana.

Nadharia zitakuchosha kidogo. Utamkuta Friedrich Fröbel, baba wa chekechea, na Maria Montessori, daktari aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Rome mwaka 1907. Huyu wa pili msome vizuri. Naye alianza kwa kukaa na kutazama.

Mshahara? Mara nyingi mdogo kuliko uzito wa kazi, na mgongo utauma. Watoto wenyewe si shida sana. Shida ni kumweleza mzazi, jioni amechoka, kwamba mwanawe ameuma au ameumwa, bila kumfanya ajione mzazi mbaya. Hilo hadi leo najifunza.

Ukichagua chuo, usidanganywe na majengo. Uliza mafunzo kwa vitendo ni wiki ngapi, na kama mkufunzi huja kukuona ukiwa na watoto au hungoja ripoti tu. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, funga mkoba wako uondoke.

Na kabla hujajaza fomu yoyote, omba kituo kimoja kikuruhusu ukae pembeni asubuhi moja. Nenda na daftari. Ukitoka nipigie, unisomee ulichoandika, nami kalamu nyekundu ninayo.

Dada yako