Hio bastola ya kuweka nyumbani, tuulizane kwanza

Bwana Mhariri,

Assalaam aleikum. Nimeisoma barua ya yule ndugu wa Malindi aliyevunjiwa nyumba mara mbili mwaka mmoja, na nampa pole ya kweli sio ya mdomo, lakini pale mwisho aliposema ati serikali ilegeze mambo ya leseni ili kila mwenye nyumba huku Pwani alale na bastola chini ya mto, manake polisi ukiwapigia wanakuja asubuhi na daftari, hapo mimi nina neno. Kwa daftari nilicheka. Hata mimi nishaandikwa kwenye hilo daftari.

Mimi ni mtu wa Langoni, hapa Lamu mjini, nakaa nyumba ya mawe ya marehemu babu yangu, zile za zamani, ukuta mnene ukinyoosha mkono dirishani kiwiko ndio kwanza kinafika nje. Ukiwa ndani humo waona hakuna wa kukuingilia. Mwaka 2017 waliingia, na hawakujisumbua na mlango, walipitia juu, nyumba ya jirani ilikuwa yajengwa wakapanda majukwaa ya mafundi wakashukia kiwandani kwetu, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu, kama wageni wa harusi. Wakachukua simu tatu, laptopu ya binti yangu aliyekuwa na mitihani, na kidani cha mke wangu alichoachiwa na mamake. Sasa nisikize Bwana Mhariri, kitu kilichoniuma kuliko hivo vyote, na najua ni ujinga, walikula pilau iliyobaki jikoni halafu wakafunika sufuria. Wakafunika! Yaani mtu alikuwa na raha kiasi hicho nyumbani kwangu na mimi nimelala hatua kumi kutoka alipokuwa.

Kutoka siku hio usingizi ukaisha. Wenyeji wanajua, Lamu usiku juu ya mapaa ni mji wa paka, wanapigana, wanaangusha makopo, na mimi kila paka akiruka nishaketi kitandani. Nikaanza kuitaka bastola. Sio kuiwaza, kuitaka, nikifika mahali pana askari macho yangu yako kiunoni kwake, sisikii anachosema. Kwa hivo huyo ndugu asidhani anajibiwa na mtu asiyejua hasira zake.

Nikamuuliza rafiki yangu mmoja, askari mstaafu, tukiwa barazani na kahawa, akanieleza bila haraka. Kenya sio Marekani. Kule mahakama yao ya juu iliamua mwaka 2008, kesi ya Heller, kuwa ni haki ya mtu kuweka bastola nyumbani ajilinde nayo. Kwetu Sheria ya Bunduki, Sura 114, inaanzia kwengine kabisa, huna haki, unaomba. Unatafuta cheti cha tabia njema, unajaza fomu, unachunguzwa, wanataka sababu ya maana, mwisho inakwenda kwa Bodi ya Leseni za Bunduki, wanaweza kukubali na wanaweza kukataa. Na ukipewa usidhani ni yako ya milele, Disemba 2018 serikali iliwafutia raia wote leseni ikawaambia warudi kukaguliwa upya ndani ya siku 90. Halafu yule mzee akaniuliza, na utaiweka wapi? Nkamwambia chini ya mto. Akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu.

Manake sheria inataka uifunge mahali salama, yaani sefu, na ufunguo uwe kwako wewe. Sasa fanya hesabu mwenyewe. Saa nane usiku, stima zimekatika kama kawaida, umesikia kishindo, unatafuta miwani, unatafuta ufunguo wa sefu, unapapasa tundu, unatoa bastola, unatia risasi na mikono yatetemeka, wakati huo mwizi ashakula pilau na sufuria amefunika. Na ukisema basi utaiacha nje ya sefu, ina risasi, karibu na mkono, kwani nyumba yako haina watoto? Mwanangu wa mwisho wakati huo alikuwa na miaka 6 na wallahi hakuna kitu nilichowahi kuficha nyumba ile asikipate, hata haluwa ya Idi tuliyoitia ndani ya gunia la mchele.

Lakini mstaafu hakunitoa hamu, alinipunguzia tu. Aliyenitoa hamu ni shemeji yangu.

Shemeji ni mvuvi. Siku hizo marufuku ya kuvua usiku ishaondolewa, wavuvi wakarudi baharini na wezi wa mashini za boti nao wakarudi ufuoni, Yamaha yako ukiiacha kwa boti asubuhi unakuta skrubu. Kwa hivo mke wangu akampa nduguye ufunguo wa mlango wa nyuma, awe akitoka bahari usiku aingize mashini kiwandani kwetu halafu aende zake. Na mimi niliambiwa. Niliambiwa nikiwa naangalia mpira, nikasema mmh.

Saa tisa usiku nasikia komeo. Huyu sio paka, paka hafungui komeo. Stima hakuna. Nikashuka ngazi na mchi wa kinu, mdomo mkavu hata mate hayamezeki, nikaona kivuli kimeinama katikati ya kiwanda mgongo umenielekea, kinashughulika na kitu kizito, polepole. Alikuwa anakiweka chini polepole asituamshe. Mimi nikaona anakibeba. Hapa ndio nataka yule ndugu wa Malindi anisikize vizuri, mimi ni mtu mpole, sijapigana na mtu tangu shule, watu wa mtaani wanaweza kukuambia, na sikuuliza wewe nani. Sikusema hata neno moja. Nilipiga. Akainua mkono ukaupokea mchi, ukalia kama kijiti kikavu cha mkoko, akamtaja mamake na ile sauti nikaijua pale pale.

Plasta wiki sita. Kaskazi nzima ikampita yeye amekaa barazani na mkono shingoni, msimu ambao bahari imetulia na wenzake wanajaza barafu, na mimi nikalisha nyumba mbili. Mke wangu alisema neno moja tu, "Nalikwambia," na mpaka leo ugomvi wowote ule ukianza, hata wa chumvi, unaishia kwa nalikwambia. Ule mkono haukunyooka sawa. Akinyoosha kuchukua sinia ya wali kwenye Maulidi unaona umepinda hapa chini ya kiwiko. Sasa toa mchi utie bastola. Mimi leo singekuwa naandikia gazeti, ningekuwa jela ya Shimo la Tewa, na mke wangu angekuwa na msiba wa ndugu na mume kwa usiku mmoja.

Wako watakaosema aa, wewe ungejitetea kortini, ulidhani mwizi. Haya. Kanuni ya Adhabu yetu kifungu cha 17 kinasema mambo ya kutumia nguvu kujilinda wewe au mali yako yataamuliwa kwa misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza, ndio, hio hio ya wakoloni bado tuko nayo. Sasa nenda Uingereza uone. Agosti 1999 mkulima mmoja wa Norfolk, Tony Martin, aliingiliwa usiku na wezi shambani kwake, mtu anaishi peke yake, ashaibiwa sana na amechoka, kama huyu ndugu wa Malindi tu. Akapiga bunduki gizani, kijana wa miaka 16 akafa, amepigwa mgongoni. Huyo alikuwa mwizi kweli, sio shemeji! Na bado walimtia hatiani kwa mauaji, kifungo cha maisha, rufaa 2001 ikampunguzia ikawa miaka mitano, na walipopunguza haikuwa kwa sababu alijilinda, ni kwa sababu ya ugonjwa wake wa akili. Mizani ni nguvu za kadiri kwa ile hatari uliyoamini iko mbele yako, na anayekupimia ni jaji amekaa mchana kwenye feni, hakuwepo gizani na wewe.

Ya Pistorius, yule mkimbiaji wa Afrika Kusini, sina haja ya kuihadithia sana, wote tuliifuata. Februari 14 mwaka 2013, Pretoria, risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, akasema alidhani kuna mtu ameingia nyumbani, na aliyekuwa chooni ni mpenzi wake Reeva Steenkamp. Mwisho wake mahakama ya rufaa ikasema ni mauaji, miaka 13 na miezi mitano, ametoka kwa parole Januari 2024. Mimi sijui moyo wake na hilo namuachia Mungu. Ninachojua ni kwamba kabla hujapiga unatazama kwanza aliyelala nawe yuko kitandani au hayuko, na mimi usiku ule sikutazama hata hilo, nilishuka tu.

Marekani kwenyewe walikojaa bunduki, mwaka 1993 watafiti waliandika kwenye jarida la New England Journal of Medicine kuwa nyumba yenye bunduki hatari ya mtu kuuliwa humo ndani ilikuwa karibu mara 2.7 ya nyumba isiyo nayo, na zaidi kwa mikono ya jamaa au mtu wa karibu. Wapenda bunduki waliupinga sana utafiti ule na bado wanaupinga, wapinge, mimi nina wangu na ana mkono uliopinda.

Sasa kuna jambo moja sitaki kulipita haraka manake ni la kwetu. Watu wa bara ya Lamu, Mpeketoni na vijiji vya kule, wao wakisema wanataka bunduki siwacheki na siwezi kuwafananisha na mimi na pilau yangu. Juni 2014 waliuliwa watu zaidi ya 60 kwa masiku mawili, watu wengine walikuwa wanaangalia Kombe la Dunia, na msaada ulichelewa mpaka leo watu wanauliza. Lakini hata pale uliza, wale walikuja kundi zima na AK-47, bastola ya chini ya mto ingewafanya nini? Kile kinachotakiwa kule ni polisi wa akiba waliofunzwa, wanajulikana kwa majina, bunduki ni za serikali zinahesabiwa, walipwe na wasisahauliwe. Hio nitaiunga mkono kwa mikono miwili. Kujilinda kijiji na kujilinda chumbani ni vitu viwili, na naona huyo ndugu kavichanganya, amechukua msiba wa Mpeketoni kuombea bastola ya Malindi.

Na Lamu mjini siri iko wapi kwanza? Mtu akinunua friji Mkomani, punda hajafika mlangoni Wiyoni washajua ni ya milango mingapi. Nyumba ikijulikana ina bastola basi hao vijana wa usiku hawaji tena kwa simu, wanaijia hio, tena mchana umekwenda dukani na mkeo yuko peke yake. Acha mambo ya chumvi ya bahari, huku kufuli la chuma lamaliza mwaka mmoja ushalipiga nyundo kulifungua, hebu fikiria hio bastola.

Nilichofanya mimi ni hiki. Nimetia wavu wa chuma juu ya kiwanda, fundi wa Gadeni kaninyonga bei lakini kazi nzuri. Komeo mbili kwa ndani. Taa ya sola mlangoni. Na jirani yangu, huyo wa ng'ambo ya ujia, ambaye wikio lake, kile chumba cha juu kinachovuka ujia, karibu lishike dirisha langu, tumekubaliana simu ikilia mara mbili ikakatwa wakati wa usiku anawasha taa zote na kuanza kukohoa kwa nguvu, na mzee yule kikohozi chake hakihitaji spika. Mwaka juzi kiliwahi kumkimbiza mtu aliyekuwa ashafika juu ya ukuta, viatu aliviacha, bado ninavyo. Hatupigi kelele za mwizi, manake hizo nazo nimeona zinavyoishia, mtaa mzima na mawe juu ya kijana mmoja na kesho unasikia hakuwa yeye.

Ombi langu kupitia gazeti lako ni dogo, hao wanaohusika na taa za vichochoro vya Langoni waje wazitazame, kutoka kwangu mpaka msikitini zilikuwa tano na inayowaka ni moja, nayo inawaka mchana.

Na shemeji, kwa wanaouliza, bado analeta mashini. Ufunguo anao lakini hautumii. Anasimama nje saa tisa usiku, mkono mmoja mzima mmoja umepinda, Yamaha begani, anapiga hodi mara tatu kama tulivyofunzwa, halafu anaongeza yake kwa sauti mtaa wote usikie: "Ni mimi! Ni mimi, na mpira umekwisha!"

Baba Fatma,
Langoni, Lamu