Tulianza kwa ndoo ya maji, sasa tunadai kiingilio

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ingawa hii ni mara yangu ya kwanza kukuandikia. Ninaishi Nzuguni, hapa jijini Dodoma, na ni mtumishi katika mojawapo ya ofisi za serikali zilizohamia Mtumba mwaka 2019. Nimeolewa, na nina mtoto mmoja wa kiume ambaye sasa ana mwaka mmoja na miezi minne. Linalonisumbua si la ndoa wala la fedha za nyumbani, kama yalivyo mengi yanayoletwa kwako. Linahusu kikundi cha wanawake cha mtaani kwetu ambacho nilishiriki kukianzisha, na ambacho Jumamosi ya wiki ijayo kinakusudia kupitisha kanuni ambayo moyo wangu unaikataa. Uniwie radhi kwa urefu wa barua, kwa sababu nisipoeleza tulikotoka, ugomvi wenyewe utaonekana mdogo.

Mtaa wetu ni mpya. Viwanja vilipimwa juu ya mashamba ya wenyeji, zikapanda nyumba za kuta na mageti, na nyuma ya kila geti yupo mtu aliyekuja na uhamisho wake au na biashara yake: huyu katoka Bukoba, yule Tukuyu, sisi Newala. Tunasalimiana tukisubiri daladala, na penye msiba tunachangiana bila kuulizana kabila, kwa kuwa turubai likishafungwa nje kila mtu ameona. Uzazi haufungiwi turubai. Jirani hutambua kwamba umejifungua siku anapoona nepi zimeanikwa kwenye kamba, na kufikia hapo huenda wiki mbili zimeshapita.

Kwetu Newala mzazi hakai peke yake. Watu huja na sukari, sabuni na unga wa uji, mmoja akaosha vyombo, mwingine akamwogesha mtoto, na mama mwenyewe kazi yake ni kunyonyesha, kula na kulala. Mama yangu alinijia, lakini alikaa siku kumi na mbili tu, kwa sababu baba alikuwa amepata kiharusi na hakuna mwingine wa kumgeuza kitandani. Sheria ya kazi humpa baba wa mtoto siku tatu za likizo, tena azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mume wangu alizichukua, mbili zikaishia hospitalini, akarudi kazini Singida, ambako ni fundi wa umeme. Nikabaki mimi na mtoto na upepo wa mwezi wa saba, ambao wanaoishi Dodoma wanaujua: baridi asubuhi, vumbi mchana.

Usiku wa siku ya kumi na tisa titi langu la kushoto lilivimba likawa gumu, ngozi ikang'aa, homa ikapanda, na kila nilipomsogeza mtoto nilitamani kupiga kelele. Maji ya bomba yalikuwa hayajatoka kwa siku tatu, na dumu lililobaki lilikuwa nusu. Asubuhi bibi mmoja wa Kigogo, ambaye hupita akiuza mlenda mkavu na karanga, alipiga hodi getini kwa ile salamu yao ya "Mbukwa", na badala ya kuitikia mimi akaitikia mtoto kwa kilio. Bibi hakuuliza kama nanunua. Aliweka ungo wake chini, akachemsha maji yale yaliyobaki, akakamua kitambaa cha uvuguvugu na kulikanda titi taratibu kuelekea chuchuni, kisha akamshika mtoto kwa kisogo na kumweka kwenye titi lile lile nililokuwa nalikimbia, akisema kwamba dawa ya kwanza ni huyu mwenyewe. Mchana alinisindikiza zahanati, ambako muuguzi alinipa dawa na kunisisitizia jambo hilo hilo, kwamba nisiache kunyonyesha upande ule. Tuliporudi nyumbani, alifagia uwanja kabla hajachukua ungo wake. (Si kila alilolijua bibi nililikubali. Mtoto alipofika miezi miwili alitaka nimwonjeshe uji mwepesi wa uwele, nikamweleza kwamba kliniki wametuambia maziwa ya mama pekee hadi miezi sita; alicheka sana, akasema watoto wa siku hizi wanalelewa na karatasi, lakini hakurudia.)

Kutokana na siku ile ndipo lilipokuja wazo. Wiki ya sita nilipompeleka mtoto kuchanjwa, nilikaa kwenye benchi na wanawake wanne wa mitaa ya jirani, kila mmoja kadi mkononi, na katika kungoja kupimiwa uzito tukagundua kwamba sote watano tulikuwa tumelia peke yetu usiku fulani bila mtu wa kumwita. Mmoja wetu, binti wa miaka kumi na tisa anayekaanga vitumbua karibu na kituo cha bodaboda, alikuwa amekata kuni siku ya nne baada ya kujifungua. Tulikubaliana jambo moja, nalo lilikuwa jepesi: tukisikia popote kwamba kuna mzazi mpya, wawili wetu kwa zamu tutakwenda. Tutabeba ndoo ya maji na mche wa sabuni. Tutafua, tutapika uji, tutakaa na mtoto saa mbili ili mama alale, na hatutaulizia baba yuko wapi.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wetu alipotusikia alifurahi, akatufundisha mambo ambayo sisi tulikuwa tukiyasoma kwenye kadi bila kuyaelewa: kwamba mzazi hatakiwi kungojea chanjo ya wiki sita ndipo aonwe, bali anapaswa kuchunguzwa ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42, na kwamba damu nyingi, homa, uchafu wenye harufu mbaya, degedege, au kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu, si mambo ya kulala nayo mpaka kesho.

Mafunzo hayo yalitufaa mapema kuliko tulivyodhani. Mwezi wa pili wa zamu zetu mimi na yule binti wa vitumbua tulikwenda kwa mwanamke aliyepanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, ambaye hakuna aliyemjua hata jina. Alikuwa na siku tano tangu ajifungue. Alitupokea vizuri, akasema kichwa kinamgonga tangu jana na kwamba anadhani ni usingizi, na wakati anasema alikuwa ananitazama pembeni ya bega, kama asiyeniona sawasawa. Miguu ilikuwa imejaa. Binti yule ndiye aliyesema, "Dada, tusifue, twende." Tukamchukua kwa bajaji. Hospitalini walikuta shinikizo la damu limepanda sana, wakatueleza kwamba kifafa cha mimba kinaweza kumpata mama hata baada ya kujifungua, wakamlaza siku sita. Leo ana afya, na mtoto wake anatembea.

Sasa nije kwenye ugomvi. Kutoka watano tumefika ishirini na watatu. Mwanzoni tulichanga shilingi 2,000 kwa wiki kununulia sabuni na unga, na sikatai kwamba nami niliinyooshea mkono hatua ile. Baadaye tukapata mwenyekiti, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mchapakazi, mkubwa kwangu kwa umri, ambaye kwa haki yake nitasema kwamba bila yeye tungekuwa tumeshasambaratika. Chini yake mchango umekuwa 5,000, umeongezeka mchezo wa kupokezana kila mwezi, vimeshonwa vitenge vya sare, na sasa tunajiandaa kusajiliwa ili tuombe mkopo usio na riba wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo wanawake wametengewa asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Afisa maendeleo ya jamii alitushauri tuandike katiba, na ushauri wake ulikuwa sahihi. Ila katika rasimu ya katiba hiyo imeingia ibara isemayo kwamba mzazi atakayetembelewa ni mwanachama aliyelipa kiingilio cha shilingi 30,000 na ambaye michango yake ya miezi mitatu haina deni.

Yule binti wa vitumbua hayumo tena. Hakugombana na mtu; mchango ulipopanda alikosa wiki mbili, wiki ya tatu akaona haya, na tangu hapo akituona tumevaa vitenge vyetu hujishughulisha na karai lake. Na mwezi uliopita alijifungua mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba la mtaa, nikauliza kwenye kundi la simu zamu ni ya nani, nikajibiwa na mhazina kwa maneno matatu: "Huyo hajalipa chochote." Sikujibu. Nilikwenda mwenyewe jioni, nimechoka na kazi, nikakaa nusu saa, na nikiri kwamba nilitembelea kama mtu anayetimiza wajibu.

Mwenyekiti ana hoja zake, na nisingependa uzisikie kwa ubaya. Anasema wapo waliotembelewa, wakapona, wakahamia Kisasa na wasirudi hata kumfulia mwenzao nepi moja. Anasema sabuni inanunuliwa na sukari imepanda, na kwamba wanawake wenye watoto wachanga wakipata mtaji ndiyo msaada wa kudumu kuliko uji wa siku mbili. Anasema pia, na hapa hunigusa, kwamba mimi nina mshahara unaoingia nikiwa nimelala: nilipewa siku 84 za likizo ya uzazi zenye malipo, nikarudi ofisini nikaruhusiwa saa mbili kwa siku za kunyonyesha kama sheria isemavyo, wakati yeye alifungua duka siku ya kumi na nne akiwa na mtoto kwenye boksi la vigae. Kwa hiyo, asema, ni rahisi kwangu kuhubiri hisani. Sikuwa na jibu, na mpaka leo natafuta jibu ambalo si la kujitetea.

Ninachokiona mimi ni kwamba mwanamke wa nyuma ya mashine ya kusaga hakuwa mwanachama wa chochote, na kwa ibara hii tusingefika mlangoni pake. Anayeweza kulipa 30,000 kabla ya kujifungua mara nyingi ndiye pia anayeweza kumlipia nauli ndugu yake aje. Wasioweza ndio tuliowakusudia. Nilipolisema hili kwenye kikao cha mwisho, wachache walitikisa vichwa kukubali, wengi wakatazama chini, na mwenyekiti akaniuliza kwa upole kama niko tayari kugharamia sabuni ya mtaa mzima.

Nimewauliza watu. Mume wangu ananishauri nijitoe, nilee mtoto wangu. Mhudumu wa afya anasema yeye atamfikia kila mzazi kadiri awezavyo, lakini nyumba alizopewa ni nyingi na miguu ni miwili. Mtendaji wa mtaa alisikiliza, akasema mambo ya katiba ni ya wanachama wenyewe. Bibi wa mlenda, ambaye hadi leo hajawahi kuchanga wala kuulizwa mchango, na ambaye huenda kwa wazazi wengi kuliko sisi wote ishirini na watatu, aliponisikia aliniuliza tu kwa nini siku hizi tunakwenda kwa mzazi tumevaa sare.

Basi, Mama Mshauri, nakuomba unisaidie katika haya. Je, inawezekana kikundi kimoja kibebe mambo mawili, yaani fedha na mikopo ziwe za wanachama peke yao, huku zamu za kwenda kwa wazazi zibaki wazi kwa kila mwanamke wa mtaa, au ukishaweka daftari la hela mlango hujifunga wenyewe? Kama inawezekana, gharama ndogo za zamu zitoke wapi bila ya wachangaji kujiona wanabebeshwa mzigo: tutenge sehemu ya mchango, tumwombe kila anayetembelewa arudishe kwa kumfulia mwingine baadaye, au twende mikono mitupu na ndoo tu, kama tulivyoanza? Na namna gani niseme haya mbele ya mwenyekiti, ambaye ni dada yangu kwa umri na amekijenga kikundi hiki, bila ya kuonekana nampindua au namsimanga kwa mshahara wangu? Nimeandika ibara mbadala kwenye karatasi, sentensi mbili tu, lakini sijui kama nimwonyeshe faraghani kwanza au niisome kikaoni.

Jambo la mwisho linahusu yule binti. Nataka kumrudisha, si kwa kumlipia deni lake kimyakimya, maana nadhani angejua na angeumia, bali kwa namna itakayompa nafasi yake. Yeye ndiye aliyesema tusifue, twende. Sijui nimwendee vipi. Kila asubuhi nanunua vitumbua vitano kwake, ananipa sita, na hakuna kati yetu anayelitaja.

Wasomaji wengine wenye vikundi vya namna hii, iwe Singida, Kondoa au kwingineko, nitashukuru nao wakieleza walivyofanya. Kikao ni Jumamosi saa kumi jioni. Jibu likinifikia kabla ya hapo, litanifaa zaidi.

Wako mtiifu,
Mama wa Mtoto Mmoja,
Nzuguni, Dodoma.