Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wasia, Wakfu na Madaftari Yetu

Wanachama wenzangu, assalaam alaykum, na salamu nyingi kwa wenzetu wa imani nyingine.

Mambo ya kawaida nitayapitia haraka, maana hesabu za mweka hazina mmeshagawiwa. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka uliopita, darasa la kusoma hati za Kiarabu limeendelea kila Jumamosi, na paa la maktaba yetu halivuji tena. Ahsanteni sana. Nafasi iliyobaki naipa jambo moja lililotuumiza: madaftari ya mwenzetu aliyefariki bila kuacha wasia.

Mwezi wa Rajabu tuliitwa nyumba moja ya Mji wa Kale, hapa Mombasa. Mwenzetu, malenga tuliyekuwa naye tangu chama kianze, alikuwa amefariki miezi minne nyuma. Chini ya kitanda chake mlikuwa na sanduku la bati, na ndani yake madaftari ya mashairi, kanda za taarabu zilizoandikwa majina kwa penseli, na udi uliokatika nyuzi mbili. Mchwa walikuwa wameingilia upande wa ukutani. Daftari la juu nililishika mwenyewe. Jalada lilikuwa zima, lakini kurasa za kati zilikuwa unga. Nilipolifungua zikanimwagikia mapajani.

Marehemu alizoea kusema barazani kwamba vitu vile ni vya chama. Sote tulimsikia. Lakini hakuwashuhudisha watu wawili, wala hakuandika. Watoto wake wakubwa hawakuwa na neno, walitaka kutukabidhi siku ileile. Ila mrithi wa tatu ana miaka kumi na mmoja, na fungu la mtoto hakuna wa kulitoa kwa niaba yake, hata mama yake. Sanduku likafungwa, likarudi chini ya kitanda. Tulichoweza sisi ni kununua dawa ya mchwa.

Mombasa inaijua hasara hii. Malenga wake Muyaka bin Haji alifariki karibu mwaka 1840, tungo zake zikabaki vifuani mwa watu. Lau si Mwalimu Sikujua kuzikusanya, na mmisionari William Taylor kuziandika, huenda leo tungekuwa na jina lake na beti chache tu. Na karatasi za Taylor ziko London, haziko hapa. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya, aliyapanga yake akiwa hai: vitabu na kazi za sanaa alizoiuzia serikali miaka ya 1970 unaziona mpaka leo kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi. Lakini nyumba yake ya Muthaiga, aliyotaka iwe mahali pa utafiti, ilibomolewa. Kwa hiyo karatasi pekee haitoshi, lazima awepo wa kuisimamia.

Kamati ilikaa na shekhe mmoja na wakili mmoja, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwa Waislamu, yakishatolewa gharama za mazishi na madeni, wasia hauzidi thuluthi ya mali iliyobaki, na hauendi kwa mrithi ila warithi wengine waridhie. Mtume (S.A.W.) alimwambia swahaba wake Sa'd bin Abi Waqqas: thuluthi, na thuluthi ni nyingi. Nalitaja hili kwa sababu nimesikia baadhi ya watoto wa wanachama wanahofu kuwa chama kinanyemelea mirathi yao. Jamani, hakinyemelei. Madaftari na kanda hazikaribii thuluthi ya nyumba, na hatutapokea wasia unaomwacha mjane hana pa kulala. Kuhusu ala za muziki wanavyuoni wana ikhtilafu, kwa hiyo kila mtu amuulize shekhe wake kabla ya kuandika.

Anayetaka kuiona kheri yake kwa macho yake, afikirie wakfu. Kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi wala hakitolewi zawadi. Kinachotoka ni manufaa yake. Mwaka huu mama mmoja mwanachama ameweka wakfu madaftari ya babake. Jumamosi huja akaketi nyuma ya darasa, vijana wakasoma, na wakikosea neno la Kimvita, lahaja ya Mombasa, huwasahihisha papo hapo. Sijaona furaha kama ile mwaka mzima.

Kwa wasio Waislamu, Sheria ya Urithi ya Kenya inataka wasia wa maandishi utiwe saini, na mashahidi wawili wamwone mwenyewe akitia saini au aikiri mbele yao. Mnaotaka kuachia vitu mtu fulani, msimfanye shahidi. Wasia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili unafaa iwapo tu msemaji atafariki ndani ya miezi mitatu. Na aliyeandika kisha akaoa au kuolewa aandike upya, kwa kuwa ndoa huufuta wasia wa kabla yake, isipokuwa ulioandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyo.

Jambo ambalo wengi wetu hatukulijua: daftari ni kitu kimoja, na haki ya kulichapisha ni kitu kingine. Haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, nayo hurithiwa. Ukituachia karatasi bila kutaja haki hiyo, tutazihifadhi, lakini kuchapisha itabidi tuwatafute warithi wako mmoja mmoja, hata walioko Muscat na Toronto.

Kamati imeamua haya. Mali itakayoachiwa chama itashikwa na wadhamini wetu watatu, na wasia uwataje kwa cheo, kwa kuwa watu hubadilika. Hakuna mjumbe wa kamati atakayemwandikia mwanachama wasia wala kuwa shahidi wake. Na mzee mgonjwa asiendewe kitandani kuombwa kitu. Atakayefanya hivyo nitamtaka ajiuzulu.

Swahaba Ibn Umar amepokea kutoka kwa Mtume kwamba haimpasi Mwislamu mwenye cha kuusia kulala siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Wangu nimeuandika mwezi uliopita, nakala iko kwa wasii wangu, yaani atakayeutekeleza, na wanangu wameusoma.

Wakili atakuwa maktabani Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao baada ya alasiri, bila malipo. Njooni na kitambulisho, na orodha ya vitu kimoja kimoja: daftari la rangi gani, kanda ngapi, ziko chumba gani, na ufunguo anao nani.