Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: kile kivuko cha maporomoko, Amani

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Cheo chako sitakiandika hapa. Unakijua mwenyewe, na barua zangu zenye cheo hicho ziko ofisini kwako, zimegongwa muhuri wa "imepokelewa". Kwamba zimesomwa, muhuri hausemi. Ndiyo maana hii naiandika hadharani, baada ya yaliyotufika Jumamosi.

Walikuja wanafunzi kutoka Tanga mjini, watoto wa pwani, wengi wao hawajawahi kuingia kwenye msitu wenye ukungu. Usiku wake mvua ilinyesha. Tulipofika mtoni, pale pale uliposimama kupiga picha ukiwa na fimbo ya mgeni, tulikuta maji yamepanda na yale magogo mawili tunayovukia yameota utelezi. Mwalimu wao akatangulia ili apime. Aliteleza, mguu ukavunjika. Tulimbeba kwa machela ya miti na kanga za akina mama waliokuwa wakitoka kuchuma iliki, tukapanda naye mpaka barabarani, tukasubiri gari lolote la kushuka Muheza. Watoto walilia njia nzima. Maporomoko hawakuyaona.

Una mambo mengi, kwa hiyo niruhusu nikukumbushe. Kivuko cha mbao kilipochukuliwa na maji ulikuja na msafara, ukasema kitarudi "kabla ya masika". Hukutaja masika ya mwaka gani, nasi kwa adabu zetu za mlimani hatukuuliza. Baadaye tukaambiwa mchakato unaendelea. Baadaye tena, upembuzi yakinifu. Mheshimiwa, upembuzi yakinifu wa kivuko ambacho mbuzi angekimaliza kwa hatua ishirini!

Sijui kama wasaidizi wako wamewahi kukueleza ni mahali gani hapa. Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, hekta 8,380 za msitu wa Usambara Mashariki. Bustani ya miti ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na hadi leo wapo wageni wanaovuka bahari kuja kuitembelea. Wengine hufuata ndege: chozi wa Amani amebeba jina la hapa. Kinyonga wetu mwenye pembe tatu, jina lake la kisayansi limetokana na Derema, jirani tu hapo. Na maji yanayonywewa Tanga mjini ni ya mto Zigi, unaokusanya vijito vyake kwenye misitu hii hii. Kwa hiyo hata chai ya kikao cha kuahirisha kivuko chetu, ikiwa kikao kilifanyika mjini, ilipikwa kwa maji yetu. Karibuni sana.

Mimi naishi kwa kuongoza wageni. Buti na darubini nilinunua kwa mkopo wa vikoba, na vikoba havijui mchakato. Mgeni akisikia maporomoko hayafikiki anazunguka bustanini saa moja, anashuka zake Pangani kuogelea. Akina mama waliokuwa wakimpikia chakula cha mchana wanabaki na masufuria. Mdogo wangu amekwenda kutafuta kazi Dar. Alikuwa anawajua ndege kwa sauti kuliko mimi.

Kwa nini maji yamekuwa na nguvu hivi, kila mtu ana lake. Wazee wanawataja wachimba dhahabu waliovuruga kingo za mito miaka ile. Mimi nahisi ni mashamba yaliyopandishwa juu mno, pamoja na mvua zisizojua tena msimu wake. Labda ni vyote. Lakini kivuko hakisubiri tukubaliane.

Mnauliza mbona hatujijengei. Tungejijengea siku nyingi! Ila hifadhini hakuna ruhusa ya kukata hata ufito, na sheria hiyo tunaiheshimu, maana msitu ukiisha sisi ndio wa kwanza kulala njaa. Mitiki iko Longuza, chini ya mlima tu. Mbao tutachanga tununue. Mafundi tunao, misumari tunayo, mabega ya kubebea tunayo, yamezoea machela. Tunachokosa ni karatasi ya kibali, nayo iko mezani kwako.

Nilitaka pia nikuombe vibao vya njia, na choo cha wageni, na lile suala la vijiji kupata chochote kwenye viingilio. Yaache. Yaache yote mpaka bajeti nyingine, au hata nyingine baada ya hiyo. Naomba kibali. Ukurasa mmoja, Mheshimiwa. Ukiona ukurasa ni mwingi, mstari mmoja na saini. Wino ukikauka piga simu kwa mwenyekiti wetu wa kijiji, useme "jengeni". Jengeni tu, basi. Masika inaanza Machi.

Wako mtiifu bado,
Mwongoza wageni, Amani, Muheza