Likizo ya siku mbili ichaguliwe kwa saa na kalenda, si kwa picha

Ndugu Mhariri,

Kila Pasaka, Idd na Krismasi zinapokaribia, magazeti na mitandao hujaa picha za maporomoko ya maji, fukwe na vilele vya milima, na chini yake maneno mawili matatu ya kumhimiza mwananchi atalii nchi yake. Ni jambo jema. Ila mtu wa Dar es Salaam mwenye nafasi ya Ijumaa jioni hadi Jumapili anahitaji mambo ambayo picha haisemi: njiani ni saa ngapi, mwezi huo kule kukoje, na anaofuatana nao wanaweza nini. Kazi yangu ni kuongoza wageni hapa Morogoro, kwa hiyo msomaji ajue mapema naelemea wapi.

Tuanze na saa. Kuanzia Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumapili saa kama hiyo ni saa 48. Toa 16 za kulala, zinabaki 32. Kanuni ninayowapa wanaoniuliza ni kwamba njia isile zaidi ya robo ya hizo, yaani saa nane kwenda na kurudi, saa nne kila upande. Kwa kipimo hicho Lushoto, pamoja na uzuri wake wote, haimo. Ni takriban kilomita 350 kutoka Dar, na basi likienda vizuri ni saa saba au nane. Ukijumlisha na kurudi, nusu ya likizo umeimalizia kwenye kiti. Lushoto iwekeeni wikiendi ndefu, ile ambayo sikukuu imeangukia Ijumaa au Jumatatu. Hapo inalipa kweli: mji uko juu kiasi cha mita 1,400, una baridi ya sweta Juni hadi Agosti, na Irente, ambako unasimama ukingoni na kuiona mbuga yote chini yako, ni mwendo wa kama saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini. Anayepeleka watoto asiwashibishe chai na chapati Mombo. Kilomita 33 za kutoka pale hadi Lushoto ni kona juu ya kona, na wengi wanaotapika ni waliokula dakika chache kabla ya kupanda au waliokaa viti vya nyuma. Waketi mbele, watazame nje na wasichezee simu.

Morogoro ilikuwa ndani ya kipimo hata zamani, lakini kwa shida. Barabara si ndefu, haifiki kilomita 200. Tatizo ni kwamba Ijumaa jioni unatoka Dar pamoja na malori ya Zambia na Kongo, foleni ya kuanzia Kimara hadi Kibaha, mizani ya Vigwaza, na vibao vya kilomita 50 kwa saa katika kila makazi ya watu ambako askari wa usalama barabarani hawalali. Saa nne huwa tano. Tangu Juni 2024 treni ya SGR, yaani ile ya umeme ya reli mpya, imebadili hesabu hiyo: safari haifiki hata saa mbili. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto wa miaka minne hadi 12. Baba, mama na watoto wawili wa umri huo ni 39,000 kwenda na 78,000 kwenda na kurudi. Linganisheni na mafuta ya gari.

Kinachowakwaza watu kwenye treni ni mambo madogo. Jina kwenye tiketi lazima lifanane na kitambulisho. Ukimkatia shangazi tiketi kwa jina la mtaani, mlangoni mtasumbuana. Treni haisubiri kama basi la rafiki yako, kwa hiyo uwe stesheni angalau saa moja kabla. Tiketi ya kurudi inunuliwe siku ileile unayonunua ya kwenda, maana za Jumapili jioni ndizo zinazoisha kwanza. Tena stesheni ya SGR Morogoro iko Kihonda, nje ya katikati ya mji, na ile ya reli ya zamani bado ipo mjini. Mwenye bajaji mwambie kabisa "SGR Kihonda", na anza safari ya kurudi mapema kuliko unavyodhani inatosha.

Sasa mlima wenyewe. Uluguru ndio unaoutia maji mto Ruvu, ambao Dar inaunywa, na watu wengi wa Dar hawajawahi kuukanyaga. Kwa mgeni wa siku mbili safari inayofaa ni Morningside, nyumba ya zamani ya Wajerumani iliyo juu ya mji. Kupanda ni saa mbili hadi tatu kwa mtu wa kawaida, kushuka saa moja na nusu hadi mbili. Ukiwa juu unauona mji mzima na bwawa la Mindu. Bondwa, kilele chenye minara ya mawasiliano, ni mita 2,100 hivi na ni kazi ya kutwa. Mwenye magoti mabovu asiende. Kuanzia unapoingia msitu wa hifadhi kunahitajika kibali. Hicho hutafutwa mjini siku ya kazi, si Jumamosi asubuhi ukiwa tayari umevaa viatu. Anayefika Ijumaa usiku amwombe mwongozaji amshughulikie mapema.

Muda wa kuanza ndio unaoharibu safari nyingi kuliko kitu kingine. Watu hulala, hunywa supu taratibu, huanza kupanda saa nne, na wakifika juu saa saba wanakuta ukungu mtupu, hata mji hawauoni. Hewa yenye unyevu hutoka baharini, hugonga mlima, hupanda na kupoa, na mvuke wake hugeuka wingu. Jua linapopata nguvu kazi hiyo inazidi, ndiyo maana alfajiri kilele kiko wazi na mchana kimejifunika. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa tatu uko juu, unapiga picha zako, na saa sita umerudi mjini unakula. Ukianza muda huo utakutana na kina mama wa Kiluguru wanaoteremsha ndizi na mboga sokoni, mzigo kichwani, mwendo wa haraka. Wapisheni. Mgeni asimame upande wa mlima, asisimame upande wa bondeni, kwa sababu udongo wa ukingo humeguka, na asiye na mzigo ndiye mwenye nafasi ya kusogea.

Maji ni lita mbili kwa kila mtu. Yale ya kijito yanavutia, lakini juu yake kuna mashamba ya kabichi na njegere yanayopuliziwa dawa. Raba iliyolika soli huteleza kwenye udongo mwekundu hata pasipo mvua, na ni wakati wa kushuka, si wa kupanda, watu wanapoumia. Chukueni noti ndogondogo. Huwezi kununua mkungu mdogo wa ndizi mbivu kwa noti ya elfu kumi mlimani. Bei ya mwongozaji ipatanwe kabla ya hatua ya kwanza: ni ya kundi au ya kila kichwa, kibali kimo au hakimo, na chakula chake cha mchana analipia nani. Hayo matatu yasiposemwa asubuhi, yatasemwa jioni kwa sauti ya juu.

Upande wa pili wa mlima, Kinole, kuna maporomoko na mashamba ya viungo, mdalasini na pilipili manga. Ni pazuri kuliko Morningside, kwa macho yangu. Ila upande ule wa mashariki ndio unaopokea mvua, karibu mwaka mzima, wakati mji uko kwenye kivuli cha mlima. Agosti mji umekauka, Kinole unalowa. Barabara ya vumbi ikipata manyunyu, gari dogo halitoki.

Hapo tunaingia kwenye kalenda. Pasaka haiwezi kutoka nje ya 22 Machi na 25 Aprili, nayo masika ni Machi hadi Mei. Kwa maneno mengine, kila Pasaka mnayowahimiza watu waende milimani mnawapeleka kwenye tope. Miezi ya Uluguru ni Juni hadi Septemba, na ndani ya hiyo epukeni siku za Nane Nane, kwani maonesho ya kanda hufanyika hapa na vyumba vya wageni hujaa wiki nzima. Saba Saba inafaa zaidi.

Kwa wanaotaka bahari, Bagamoyo ndiyo jibu la karibu, kama kilomita 70 tu, na magofu ya Kaole na majengo ya wamisheni hayahitaji jua wala kiangazi. Lakini ufuko wake ni wa kina kifupi: maji yakipwa, yanakwenda mbali na kuacha matope na mchanga, na watoto waliobebewa maboya wanabaki kulia. Wavuvi hawahitaji kitabu kulijua hili, wanahesabu mwezi. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama, pwani hii maji hujaa kama saa kumi jioni na hupwa kama saa nne asubuhi, saa ileile ambayo familia nyingi kutoka Dar zinateremka kwenye gari. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, hivyo baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo tu, kujaa huwa asubuhi.

Kwa sababu hiyo Idd el-Fitri, ambayo siku zote huja na mwezi mwandamo, ni sikukuu ya bamvua. Asubuhi msiende kuogelea. Tembeeni Kaole na mji mkongwe, mle, kisha muingie majini kuanzia alasiri. Idd el-Hajj huwa tarehe kumi ya mwezi wa Kiislamu, na kujaa kwake huangukia karibu na saa sita au saba mchana, hivyo inafaa kwa kuoga. Tena kwa kuwa Idd el-Fitri hutegemea mwandamo, msilipie chumba kisichobadilishika tarehe.

Mwisho ni nani anakwenda. Mtoto chini ya miaka saba asipelekwe Morningside kwa miguu. Mtambeba nusu ya njia. Mzee mwenye presha asipande mlima kabla ya kumuuliza daktari wake. Kundi lenye watoto wadogo na bibi linafaa Bagamoyo, au kijito cha chini ya mlima hapa Morogoro pamoja na samaki wa kuchoma. Kundi la vijana lipande Bondwa. Mkichanganya, wanaochelewa ndio watakaoamua safari imefika wapi, na vijana watanuna.

Ombi langu kwako, Mhariri: kurasa za sikukuu zikichapishwa tena, chini ya kila picha wekeni mistari minne. Saa za njiani kutoka Dar kwa usafiri wa umma, nauli ya siku hiyo, miezi inayofaa na isiyofaa, na mahali kibali kinapotolewa. Kwa fukwe ongezeni saa za maji kujaa na kupwa siku hiyo. Nafasi inayohitajika haizidi ile ya tangazo dogo, na mwandishi anaweza kuipata kwa simu mbili.

Mwongoza wageni,
Morogoro