Mpira wa presha uliopasuka haufungwi kwa tyubu ya baiskeli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye mashine za kuosha mazulia, hasa wale wanaowaajiri vijana kuziendesha, juu ya kifaa ambacho wengi wao hawakitazami mpaka kipasuke, yaani mpira wa presha, ule unaopeleka maji kutoka kwenye pampu. Kazi yangu ni kutengeneza pampu na mashine za maji hapa Temeke. Kila mwaka, majuma mawili matatu kabla ya Ramadhani, kamati za misikiti zinapotaka mazulia yawe yameoshwa na kukauka kabla ya tarawehe ya kwanza, huletewa mashine ambazo pampu zake ni nzima kabisa, lakini mipira yake imeviringishwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ikakazwa kwa waya wa kufungia nondo na juu yake zikabanwa klipu mbili za bisibisi. Mwenye mashine hunieleza kwamba pampu imekosa nguvu na kuniomba niifungue. Pampu haina kosa lolote. Nguvu inaishia njiani.

Nitenganishe kwanza mambo mawili ambayo huchanganywa. Mashine ya kusafishia zulia lililobandikwa sakafuni, ile inayonyunyiza maji ya sabuni na papo hapo kuyafyonza, ina mipira miwili. Ule mnene wenye mikunjo kama koo la bata mzinga ni wa kufyonza, na ukitoboka, hasara yake ni kwamba mashine inavuta upepo badala ya maji na zulia linabaki limelowa. Huo uzibe kwa gundi na utepe, sina ugomvi nawe. Mwembamba unaopeleka maji ya sabuni kwenye bomba la kunyunyizia ndio wenye presha, na haustahili kutendewa kama mwenzake. Katika viwanja vyetu vya kuoshea, ambako zulia hutandikwa juu ya sakafu ya saruji na kupigwa kwa mashine zilezile za kuoshea magari, presha ni kubwa zaidi, kwa kawaida bar 100 hadi 200. Tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na kidogo.

Mpira wenyewe unabebwa na waya. Ndani kuna raba laini inayozuia maji, katikati kuna suko la waya wa chuma, la tabaka moja au mbili, na nje kuna ngozi ya raba inayoulinda waya usipate kutu. Raba ya ndani peke yake haiwezi kuhimili presha hiyo hata kwa dakika moja. Kwa hiyo, fundi anapoukata mpira katikati, akapachika kipande cha bomba la shaba na kukaza klipu pande zote mbili, anakuwa amelikata suko la waya na kuitwika klipu kazi yake. Kwa mpira wenye upana wa ndani wa robo inchi na presha ya bar 150, nguvu inayotaka kukichomoa kipande hicho ni sawa na mzigo wa karibu kilo 48. Mhariri, huo ni kama mfuko wa saruji unaoning'inia kwenye klipu ya bisibisi, na kila kijana anapoachia na kuminya kifyatulio, mfuko huo unarushwa upya.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye uwanja mmoja ambao sitautaja. Kijana aliyekuwa zamu aliona uzi wa maji ukichomoza chini ya tyubu iliyofungiwa mpira, akafanya jambo ambalo angelifanya mtu yeyote kwa bomba la bustani, yaani kuuziba kwa kiganja. Hata sehemu ndogo ya presha hiyo inatosha kutoboa ngozi. Jeraha lilikuwa kitone tu, kama la mwiba wa mchongoma, wala halikutoa damu ya kutisha, akaendelea na kazi mpaka jioni. Usiku ule mkono ulivimba kama andazi. Hospitalini madaktari walilazimika kukipasua kiganja ili kuyaosha maji ya sabuni yaliyokuwa yamesambaa ndani ya nyama, na wakasema kuwa kama angewahi asubuhi na kueleza kwamba ametobolewa na mashine ya presha, mateso yangepungua sana. Tangu siku hiyo namwambia kila kijana kwamba mpira unaovuja haupapaswi: unazima mashine, unafunga maji, unaminya kifyatulio mpaka presha iishe, ndipo unausogelea. Ikibidi kutafuta tundu, pitisha kipande cha boksi, si mkono. Na ukitobolewa, hata kama huumwi, nenda hospitali saa ileile.

Sisemi kwamba kila mpira ulioharibika utupwe. Mara nyingi huharibika karibu na kichwa, yaani kiungo cha chuma cha mwisho wa mpira, mahali unapopinda kwa kuvutwa, kwa sababu vijana wana tabia ya kuiburura mashine kwa mpira wake kana kwamba ni mbuzi. Hapo unaweza kukatwa sentimita chache na kufungwa kichwa kipya kwa mashine maalumu inayoibana pete ya chuma kuzunguka mpira kwa nguvu zinazolingana pande zote. Maduka yenye mashine hizo yapo mjini, yanayohudumia mitambo ya haidroli, na kazi yenyewe haimalizi nusu saa. Lakini mpira uliokwanguka mpaka waya ukaonekana, uliotoka uvimbe kama lengelenge, uliokanyagwa na gari getini ukabaki bapa, au uliokakamaa na kupasuka nyufa kwa jua na dawa za kuondolea madoa, huo hauna fundi. Nunua mwingine, na kabla ya kulipa soma maandishi ubavuni mwake: presha yake ya kazi isiwe chini ya ile ya pampu, na kama mashine yako ni ya maji ya moto, kiwango cha joto nacho kiwe kimeandikwa. Ile mipira ya njano ya kupulizia dawa mashambani, ambayo huuzwa kwa bei ya kuvutia, mingi haikutengenezwa kwa presha ya mashine hizi.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Kwa muda mrefu nilidhani vijana wanafunga tyubu kwa kutojua. Sivyo. Wanajua vizuri, tena wengine huniomba niwasaidie kulificha fundo. Wanafunga kwa sababu katika viwanja vingi mpira ukipasuka gharama yake inakatwa kwenye malipo ya aliyekuwa zamu. Mwenye mashine hamkati mtumishi kwa mafuta yaliyochomwa wala kwa sabuni iliyoisha, lakini mpira, unaoburuzwa juu ya saruji kila siku na ambao lazima uchakae kama kandambili, anauhesabu kuwa umeharibiwa na mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kumkata mfanyakazi kwa kitu kilichoharibika mpaka kosa liwe lake, aelezwe kwa maandishi na apewe nafasi ya kupinga. Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri, si kijana, wajibu wa kuhakikisha vifaa ni salama. Najua wapo watakaojibu kwamba viwanja vyao ni vidogo na vijana wao ni vibarua wa kutwa. Maji ya presha hayaulizi mkataba.

Wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, hawawezi kufika kila uwanja wa Tandika na Mbagala, na sitawalaumu kwa hilo. Kamati za misikiti, wenye hoteli na maofisa ununuzi wa ofisi, ambao ndio wateja wakubwa wa kazi hii, wao hufika. Naomba safari ijayo, kabla ya kupatana bei, waombe kuuona mpira umenyooshwa chini kutoka kichwa hadi kichwa, kisha wamuulize mwenye mashine, mbele ya vijana wake, ukipasuka leo analipa nani.

Wako,

Fundi wa mashine za presha,
Temeke, Dar es Salaam.